Kwikwi ya Miligramu 4

Chingamu ya nikotini haitafunwi. Imeandikwa chingamu, ina umbo la chingamu, hata ladha ya mnanaa imetiwa ili mtu aingie mkenge vizuri, lakini ukiitafuna kijiweni-kijiweni, taya juu taya chini, utakiona cha mtema kuni. Ile ni dawa ya kumsaidia mtu kuacha sigara, na mlango wake wa kuingilia mwilini ni ngozi laini ya ndani ya shavu na ufizi. Tumbo halihusiki. Nikotini ikimezwa, ini huichakaza sehemu kubwa kabla haijasambaa kwenye damu, kwa hiyo kichwani hupati kitu cha maana. Unachobaki nacho ni koo la kuwasha, kiungulia, kichefuchefu na kwikwi. Hasa kwikwi. Kisa hiki ni cha kwikwi mbili, moja yangu na moja ya mtu ambaye hajawahi kupiga hata pafu moja la sigara tangu azaliwe.

Utaratibu wa chingamu yenyewe ni huu. Unatafuna taratibu, mara chache tu, mpaka mdomo uanze kuwashwawashwa. Hapo unasimama. Unaiegesha kati ya shavu na ufizi na kuiacha hapo kiasi cha dakika moja, mpaka mwasho upoe. Unatafuna tena kidogo, unaiegesha upande wa pili. Tafuna, egesha, tafuna, egesha, hivyo hivyo kwa takriban nusu saa, mpaka ukitafuna husikii mwasho tena. Dakika 15 kabla ya kuiweka mdomoni, na muda wote ikiwa humo, huli wala hunywi kitu, na adui mkubwa hapa ni kahawa, soda na juisi. Vinywaji hivi vina asidi, na mate yakiwa na asidi nikotini haipenyi shavu. Inasubiri umeze, iende kufanya fujo tumboni. Nusu ya watu wanaolalamika kwamba chingamu ya nikotini ni utapeli, ukiwachunguza utakuta wanaitafuna huku wameshika kikombe.

Kipimo nacho hakichaguliwi kwa ujasiri. Swali la kujiuliza ni moja: ukiamka asubuhi, sigara ya kwanza unaiwasha baada ya muda gani? Kama ni ndani ya dakika 30, chingamu yako ni ya miligramu 4. Kama unaweza kusubiri zaidi ya hapo, ya miligramu 2 inakutosha. Mimi nilikuwa naipata sigara kabla sijapata viatu, kwa hiyo mjadala haukuwa mrefu. Juu yake nilibandika plasta ya nikotini ya miligramu 21, ambayo ndiyo ya kuanzia kwa anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku. Wa 10 au chini yake huanzia ya 14.

Kuna wanaoshtuka wakisikia plasta na chingamu kwa pamoja. Kila kimoja kina zamu yake. Plasta inavujisha nikotini polepole mchana na usiku, inashikilia sakafu isibomoke. Chingamu ni ya dharura, kwa pale arosto inapokupandia ghafla baada ya chakula au baada ya simu ya mtu unayemdai. Vikitumika pamoja, mtu ana nafasi kubwa zaidi ya kuacha kuliko akitumia kimoja peke yake. Mwenye mimba, aliyepata tatizo la moyo karibuni, au anayekunywa dawa nyingine aanzie kwa daktari. Kuna vidonge pia, kina vareniklini na bupropioni, na hivyo ni vya daktari moja kwa moja.

Sasa, ofisini kwetu kikao cha robo mwaka kiliangukia siku yangu ya tatu.

Anayejua mambo ya kuacha sigara amekwishacheka. Siku ya pili na ya tatu ndizo arosto inapofika kileleni. Nikotini ya sigara zako imeshatoka mwilini, na ubongo uliozoea kuletewa mzigo kila baada ya saa moja unapiga kengele kama kuna moto. Unakasirika bila sababu, huwezi kusoma mstari ukaumaliza, unataka kula kila kitu, unakaa hukai. Plasta inapunguza makali lakini haiyamalizi. Asubuhi ile nilikuwa nimeshagombana na mashine ya kubana karatasi, na ilikuwa na haki yake, sindano zilikuwa zimekwisha.

Isitoshe, kahawa nilikuwa nimeipunguza nusu, na kwa ofisi yetu hilo ni tukio. Sababu yake wengi hawaijui. Moshi wa sigara huchochea ini livunje kafeini kwa kasi. Si nikotini inayofanya hivyo, ni kemikali nyingine za moshi, kwa hiyo hata ukijibandika plasta mwili mzima haisaidii. Ukiacha kuvuta, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, na vikombe vilevile ulivyozoea vinaweza kukujazia karibu maradufu ya kafeini kwenye damu. Mtu anatetemeka mikono, halali usiku, moyo unamwenda mbio, anasema arosto hii itaniua, kumbe ni kahawa. Kata nusu kuanzia siku ya kwanza, yaishe. Ila ujue watu watasema. Mpaka saa tatu asubuhi nilikuwa nimeshaulizwa kama nina vidonda vya tumbo, kama nimeokoka, na kama mambo ya nyumbani ni shwari.

Kikao kilipangwa saa nne. Sigara ikivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache. Chingamu inachukua dakika 20 hadi 30 kufika pazuri. Kwa hiyo chingamu haisubiri arosto ije; unaitanguliza. Saa tatu na nusu nikatoa pakiti, na hapo ndipo Mzee wa Mahesabu alipopita.

Mzee wa Mahesabu ni mhasibu wetu mkuu. Ni mtu safi, hanywi, havuti, shati lake limepigwa pasi hadi kwenye kola kwa ndani. Siku hiyo ndiye aliyekuwa na mada ndefu kuliko wote, na alikuwa ametoka kula kitu chenye vitunguu.

"Kijana, naona una jojo hapo. Lete moja, nisije nikamnukishia Mkurugenzi."

"Mzee, hiyo ni dawa."

"Dawa ya mdomo, najua. Ndiyo ninayoitaka."

Mkono ulikuwa umeshafika kwenye karatasi ya vidonge kabla sijaivuta. Vipande hivi hufungwa kwa makusudi visifunguke kirahisi. Unakunjua ukingo wa karatasi, unaubandua, ndipo unakisukuma kipande kitoke. Nilijua mpaka aubandue nitakuwa nimemweleza. Mzee akatoa mkasi mfukoni. Ni mtu wa mahesabu, ana mkasi. Akakata viwili: kimoja mdomoni, kingine mfuko wa shati, "cha akiba." Nikamfuata kwenye korido nikimwambia, "Mzee, iteme, ina nikotini," lakini alikuwa ameshapokea simu ya benki, na akanipungia mkono kwamba amesikia.

Hebu tumwache hapo kwenye korido, taya zikifanya kazi, tuseme jambo moja kuhusu asili ya kitu alichokuwa anakitafuna. Chingamu hii ilitoka Uswidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Claes Lundgren, aligundua kwamba mabaharia wa nyambizi waliokatazwa kuvuta wakiwa chini ya maji walikuwa wanahamia kwenye tumbaku ya kuweka mdomoni, na arosto inatulia. Akamwandikia Ove Fernö, mtu wa utengenezaji wa dawa, kwamba kuna kitu hapa. Fernö, ambaye naye alikuwa mvutaji, akahangaika miaka kadhaa kuifungia nikotini ndani ya chingamu kwa namna itakayotoka polepole. Waliweza. Lakini wale mabaharia hakuna aliyewaambia wasimame mbele ya bodi kusoma mapato na matumizi.

Kikao kikafunguliwa. Chingamu yangu nilikuwa nimeiegesha shavu la kushoto, imetulia, mambo yanakwenda. Mpango wangu ulikuwa kunyamaza nusu saa ya kwanza, maana ajenda yangu ilikuwa ya mwisho. Mkurugenzi akavaa miwani, akatazama karatasi, akaigeuza, akasema leo tutaanzia chini kwenda juu.

Hapa pana ufundi ambao karatasi ya maelekezo haiuelezi vya kutosha. Chingamu ikiwa imeegeshwa, mate hujaa, na mate hayo yana nikotini. Ukikaa kimya unayadhibiti, unaacha yakae, shavu linanyonya. Ukilazimika kusema, huna pa kuyapeleka isipokuwa kooni. Nikasimama. "Mheshimiwa Mkurugenzi, wajumbe," nikameza, nikaendelea, "idara yetu kwa robo hii," nikameza tena, na kabla sijafika kwenye jedwali la kwanza koo likaanza kuwaka, halafu msuli ulio chini ya mapafu ukaruka.

"Kwik!"

Kwikwi ya kawaida unaweza kuificha. Unafunga mdomo, unajifanya unasoma. Kwikwi ya nikotini inakuja na mwasho wa koo, kwa hiyo kila unapoibana inatoka na kikohozi. Nikasoma jedwali lote hivyo. "Tumepunguza, kwik, gharama za, kwik, usafiri." Mkurugenzi akauliza kama nahitaji maji. Nikasema hapana, nikiwa nakumbuka ile sheria ya kutokunywa kitu, jambo lililomshangaza kila mtu aliyekuwa na macho. Nikakaa.

"Mzee wa Mahesabu," Mkurugenzi akaita, "tuokoe."

Mzee akasimama. Muda wote huo alikuwa ametafuna mfululizo, bila kuegesha, bila huruma, kipande kikali kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu anayewasha sigara akiwa bado kitandani. Mwili wa mtu asiyevuta haujaizoea nikotini hata kidogo. Sigara moja humpa mvutaji takriban miligramu 1 au zaidi kidogo. Yeye alikuwa anakamua kipande cha miligramu 4 kwa kasi ya mtu anayekimbizana na vitunguu. Alipofika kwenye ubao niliona mambo matatu kwa mpigo: jasho jembamba kwenye paji la uso, mkono ulioshika meza, na macho yaliyotoka pima, mjusi kabanwa na mlango.

"Mapato ya robo hii," alisema, "yame, kwik!"

Ukumbi ukanyamaza.

"Yame, kwik! Yamepanda."

"Kwik," nikasema mimi kutoka nyuma. Sikukusudia.

Mkurugenzi akavua miwani. "Yamepanda au yanarukaruka?"

Ningependa kusema kwamba hapo ndipo mtu mmoja mwenye busara alisimamisha kikao. Badala yake Mzee alijikaza kisabuni akaendelea. Shida ni kwamba kwikwi yangu na yake zilikuwa zimepishana nusu hatua. Akimaliza yeye, naingia mimi. Alisoma makusanyo ya miezi mitatu kwa utaratibu huo, yeye akitaja tarakimu, mimi nikiweka nukta. Kufika mwezi wa tatu mjumbe mmoja wa bodi alikuwa amejifunika uso kwa taarifa ya mkaguzi, na mabega yake yanatikisika. Mkurugenzi akatugeukia mmoja baada ya mwingine. "Nyie mmekubaliana?"

Kikao kikageuka kliniki. Ofisi yoyote ikipata mtu mwenye kwikwi, kila mmoja ni bingwa. Wa manunuzi akasema bana pumzi uhesabu hadi 20. Wa rasilimali watu akasema kunywa maji ukiwa umeinama, kupitia ukingo wa mbali wa glasi. Mwingine akasema nyoosha mikono juu, uikaze. Hii ya mwisho ndiyo iliyoleta maafa ya pili, nitayafikia. Dada wa masijala hakusema kitu. Alizunguka nyuma yangu kwa kunyata, akainua jalada zito la mikataba, akalibamiza mezani sentimita chache kutoka sikioni kwangu.

Kumshtua mtu aliye siku ya tatu bila sigara si tiba. Nilichomjibu kilikuwa na sauti kubwa na hakikuhusu mikataba. "Kaka, samahani, ni tiba tu," akasema. Papo hapo nikaona aibu, papo hapo nikataka kulia, na papo hapo nikataka sigara. Yote matatu ni dalili zinazojulikana na hupita. Wimbi moja la hamu kwa kawaida ni la dakika chache, ukilisubiri linavunjika lenyewe. Shughuli ni kupata cha kufanya katika dakika hizo, na mimi nilipata.

Maana nilipoinyoosha mikono juu na kuishusha, plasta ilianguka.

Plasta ya nikotini hubandikwa kwenye ngozi safi, kavu, isiyo na nywele wala mafuta, kuanzia kiunoni kwenda juu au sehemu ya juu ya mkono. Unaikandamiza kwa kiganja kama sekunde 10. Kila siku mahali papya, na pale ulipotoa leo usiparudie kwa wiki nzima, la sivyo ngozi itavimba na kuwasha. Adui zake ni losheni na jasho. Losheni sikupaka. Jasho sikuwa na mamlaka nalo: arosto, kwikwi na Mkurugenzi kwa pamoja. Ikabanduka begani, ikateleza ndani ya mkono wa shati, ikatokea kwenye kiganja cha shati na kutua mezani, upande wa gundi juu, mbele ya Mkurugenzi.

Ni kitu kidogo, chembamba, rangi ya ngozi. Mkurugenzi, ambaye wakati huo alikuwa anatafuta kitu chochote cha kawaida cha kufanya, alikiokota. Ukurasa wa kwanza wa taarifa yake ulikuwa umechanika kwenye kona. Akaitazama plasta, akautazama ukurasa, akaibandika pale. Akaikandamiza kwa kiganja, sawasawa kabisa na maelekezo, zaidi ya sekunde 10.

Kuiacha haikuwezekana. Plasta iliyotumika bado ina nikotini ya kutosha kumdhuru mtoto au mbwa. Ndiyo maana ikitolewa hukunjwa katikati, gundi kwa gundi, na kutupwa mahali ambapo mikono midogo haifiki. Taarifa ile Mkurugenzi huenda nayo nyumbani, na ana wajukuu. Vidole vyake navyo vilikuwa vimeshagusa, na anayegusa ule upande wa gundi anatakiwa anawe mikono kabla ya kujisugua macho. Mkurugenzi ana tabia ya kusugua macho akichoka, na alikuwa amechoka.

"Mheshimiwa," nikasema, "naomba, kwik, plasta yangu. Na ukanawe mikono."

Sina haja ya kueleza ukimya uliofuata.

Aliyeuvunja ni Mama wa Chai. Alikuwa ameingia na sinia kuchukua vikombe, akasimama mlangoni akituangalia: mimi nakunja plasta katikati, Mzee ameketi chini ya ubao amelegea, bado anatafuna. Anatafuna! Kwikwi, jasho, kizunguzungu, na taya hazijasimama, maana hakuna aliyekuwa ameunganisha mambo isipokuwa mimi, na mimi kila nikifungua mdomo ilitoka kwik.

Mama wa Chai aliacha sigara zamani, kabla wengi wetu hatujaajiriwa. Aliweka sinia chini. "Baba, una nini mdomoni?"

"Jojo ya kijana."

Akanigeukia. "Ya ngapi?"

"Nne," nikasema.

"Haya, iteme hapa." Akamshikia karatasi ya kufutia mikono mbele ya mdomo na akasubiri mpaka ikatoka, akaikunja, akaiweka mfukoni mwake mwenyewe badala ya kwenye ndoo ya taka iliyo wazi. Kisha akampa maji asukutue na kuyatema, si kumeza, ili mabaki yatoke mdomoni. Baada ya kusukutua ndipo akampa mengine ya kunywa kwa funda dogo dogo. Akamkalisha karibu na dirisha, akamlegezea tai. Akamwambia atasikia moyo unadunda na tumbo kuchafuka kwa muda, litapita, lakini akianza kutapika mfululizo au moyo ukiendelea kwenda mbio waende hospitali bila kujadiliana. Kwa mtu mzima kipande kimoja mara nyingi huishia kwenye kichefuchefu na fedheha. Angekuwa mtoto, wangekuwa tayari njiani.

"Na wewe, mwanangu," akanigeukia, "toa hiyo yako. Hii si ya mtu anayehutubia. Ukijua utasema, usiiweke. Ukiwa umeshaiweka na umeitwa, itoe uifunge kwenye karatasi, utaimalizia baadaye. Na ukiona kwikwi zinakuja hata ukikaa kimya, unatafuna haraka mno au kipimo ni kikubwa. Punguza mwendo kwanza, ndipo upunguze kipimo."

Kwikwi yangu ilikwisha baada ya maji. Ya Mzee ilichukua muda, akimalizia mada yake akiwa ameketi, na ilibidi mjumbe wa manunuzi amshikie karatasi. Mapato kweli yalikuwa yamepanda. Mkurugenzi alirudi kutoka kunawa mikono, akasaini taarifa bila kuuliza swali hata moja, kitu ambacho hakijapata kutokea. Mwandishi wa kikao aliandika kwenye muhtasari kwamba mjumbe mmoja "aliwasilisha kwa kukatishwakatishwa na hali ya kiafya iliyojitokeza pia kwa mjumbe mwingine," na kwenye yatokanayo akaweka: plasta, imerejeshwa kwa mwenyewe. Nilibandika mpya begani upande wa pili kwa saa zilizobaki. Ndivyo inavyofanywa ikidondoka, na ratiba ya kubadilisha haisogei.

Wiki zilizofuata nilikuwa na mambo mengine ya kunishughulisha. Kikohozi kiliongezeka, jambo linalowatisha wengi wakarudi kwenye sigara wakidhani mapafu yamegoma. Ni vile vinyweleo vya kufagia njia ya hewa vilivyokuwa vimelala vinaamka na kuanza kutoa uchafu. Choo kilikuwa kigumu, kwa sababu nikotini ilikuwa ikiusukuma utumbo, na sasa utumbo umeachiwa kazi peke yake. Maji, mboga na kutembea. Ndoto nazo zilikuwa za kiwango cha sinema, rangi zote, mara nyingi Mkurugenzi yumo. Hiyo ni plasta inayoachwa usiku. Ikikusumbua itoe kabla ya kulala na ubandike mpya asubuhi, ingawa hamu ya alfajiri itakuwa kali kidogo, na hapo ndipo chingamu inapata kazi ya halali.

Ratiba ya chingamu huenda hivi: wiki 6 za kwanza kipande kila baada ya saa 1 hadi 2, bila kuzidi 24 kwa siku, wiki ya 7 hadi ya 9 kila baada ya saa 2 hadi 4, wiki ya 10 hadi ya 12 kila baada ya saa 4 hadi 8, halafu basi. Kwa anayeanzia plasta za 21, hizo hutumika wiki 6, kisha za 14 wiki 2, kisha za 7 wiki 2. Kosa la wengi ni kubana matumizi, wanatafuna viwili kwa siku wakidhani wanajipunguzia sumu, arosto inawakaba, wanarudi kuwasha fegi ambayo ina nikotini hiyohiyo pamoja na moshi wenye maelfu ya kemikali.

Kilichobaki ni kile kipande cha akiba. Siku mbili baada ya kikao, Mzee wa Mahesabu alikuja mezani kwangu na bahasha ya ofisi iliyogongwa mhuri. Ndani mlikuwa na chingamu moja, karatasi yake haijafunguliwa, na hati ya makabidhiano katika nakala mbili: "Chingamu ya nikotini, kipande 1, miligramu 4, haijatafunwa, imetolewa mfuko wa shati." Alinitaka nisaini zote mbili. Nakala moja akabaki nayo, akaitoboa, akaipachika kwenye jalada.